Fundi wa Nywele Zilizoungua

Saluni ikisifiwa mtaani, mara nyingi husifiwa kwa rangi. Mteja ameingia na nywele nyeusi, ametoka na za dhahabu, za shaba au za rangi ya zambarau, na kila anayekutana naye anamuuliza, "Umetengenezea wapi?" Sifa hiyo ni halali, maana kupaka rangi vizuri si kazi ndogo. Ila katika saluni hiyohiyo yupo fundi mwingine ambaye hatajwi sana. Yeye huzipokea nywele zilezile miezi michache baadaye, zikiwa zimekauka, zinashikana, zinakatika kila chanuo linapopita. Wasusi wa Dar es Salaam husema nywele za namna hiyo zimeungua. Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa, na nitamsifu taratibu, kwa kuwa kazi yake yenyewe haitaki pupa.

Jambo la kwanza analolijua ni lile ambalo matangazo ya dawa za nywele hupenda kulipitia mbali: unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala neva. Ngozi ikichanika hujiunga yenyewe. Unywele ukichanika ndio umechanika. Sehemu iliyo hai imo chini ya ngozi ya kichwa, kwenye mzizi, na hutoa urefu wa kama sentimita 1 kwa mwezi. Mwenye nywele za rangi zenye urefu wa sentimita 20, basi, atangoja mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla nywele mpya hazijashika nafasi yote. Fundi hawezi kuufupisha muda huo. Anachoweza ni kumvusha mteja wake mpaka ng'ambo akiwa bado ana nywele kichwani, na nywele zenyewe zikiwa za kupendeza kila siku ya safari hiyo. Ukilielewa hilo, kila anachokifanya kinaanza kueleweka.

Tuangalie kwanza kilichozipata nywele. Ili nywele nyeusi zikubali kuwa za dhahabu, weusi wake lazima uondolewe. Weusi huo ni melanini, nayo imekaa ndani, katika sehemu nene ya unywele iliyojengwa kwa protini iitwayo keratini. Juu ya sehemu hiyo kuna magamba membamba yaliyopandana, kila moja likifunika kipande cha mwenzake, kama makuti juu ya paa. Paa likiwa zima, maji huteleza. Poda ya blichi ikishakorogwa na krimu ya peroksaidi huyanyanyua magamba, huingia ndani na kuivunja melanini. Nywele nyeusi hupita kwanza kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo zifike manjano. Krimu yenyewe huuzwa kwa nguvu nne zinazojulikana: namba 10 ina peroksaidi asilimia 3, namba 20 asilimia 6, namba 30 asilimia 9, na namba 40 asilimia 12.

Tatizo ni kwamba blichi haichagui. Inapoitafuta melanini huvikuta pia viungo vya salfa vinavyozishikilia nyuzi za keratini pamoja, navyo ikavikata. Huondoa pia utando mwembamba wa mafuta uliokuwa umegandamana na magamba tangu unywele unaota. Unywele uliopitia hapo hunywa maji upesi na kuyapoteza upesi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila mvimbo na msinyao unayanyanyua magamba zaidi. Ndiyo maana mtu hupaka mafuta asubuhi na ikifika adhuhuri nywele zimekuwa kavu tena.

Nywele za Kiafrika zina hali yake juu ya hayo. Unywele wetu haukuota mviringo kamili. Umebonyea ubavuni, na hujipinda tangu unapotoka kichwani. Kila pindo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatikia. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hushuka kwa taabu kwenye mapindo hayo, kwa hiyo ncha huwa kavu hata kabla rangi haijaguswa. Tena wengi wetu tumeshaweka dawa ya kunyoosha. Dawa hiyo ni alkali kali, na kazi yake ni kuvivunja na kuvigeuza viungo vya salfa vilevile ambavyo blichi huvishambulia. Blichi ikifuata juu ya dawa, unywele hubaki na viungo vichache sana vya kushikilia.

Nilipata bahati ya kukaa karibu na msusi mmoja wa Sinza, mwanamke wa makamo ambaye wateja wake vijana humwita anti, na nikamtazama akimpokea binti aliyekuja na nywele za dhahabu zilizokwisha kuwa na urefu wa namna mbili: nyuma zinafika mabegani, mbele zimekatika juu ya masikio. Binti alitaka afanyiwe stimingi haraka, kwa kuwa Jumamosi ana kicheni pati. Anti hakushika kopo lolote. Alimkalisha, akasimama nyuma yake, akaanza kuuliza.

"Mwanangu, dawa uliweka lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya rangi, anti. Kama mwezi."

"Na rangi imepakwa mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza ilitoka ya chungwa, wakarudia."

"Siku hiyohiyo?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Anti akauliza tena kuhusu hina, kuhusu piko, kuhusu pasi ya nywele na moto wake, kuhusu maji ya kuogea nyumbani. Hakuna swali lililokuwa la kupoteza muda. Hina ya majani matupu, ile tunayoijua pwani, hushikamana na keratini bila kuufungua unywele, wala haina neno. Lakini baadhi ya hina za pakiti huchanganywa na chumvi za metali, nazo zikikutana na peroksaidi baadaye zinaweza kuchemka kichwani na kuumaliza unywele. Piko nalo huwa na kemikali ya rangi nyeusi inayoweza kumletea mtu mzio mkali. Kichwa huwa na historia, na msusi huyu haanzi kazi mpaka aijue.

Kisha akafanya jambo nililolipenda kuliko yote. Alichukua unywele mmoja wa mbele uliokwisha kung'oka, uliokuwa umenasa begani mwa binti, akaulowesha, akaushika kwa vidole viwili vya kila mkono, akauvuta polepole mno. Unywele mzima uliolowa huweza kuvutika hadi karibu theluthi ya urefu wake kisha ukarudi. Ule ulivutika, ukaendelea kuvutika, ukawa mlegevu na wa kunata, na alipouachia haukurudi. Akatafuta mwingine, wa kisogoni. Huo ulivutika kidogo, ukarudi. Wa tatu, wa utosini, ulikatika papo hapo bila kuvutika hata kidogo. Kichwa kimoja, hali tatu. "Mbele pamechoka, juu pamekauka, nyuma kuna nafuu," alisema, na kuanzia hapo kila eneo alilishughulikia kivyake.

Hapo ndipo ujuzi unapojitenga na mazoea. Unywele unaovutika bila kurudi umepoteza nguvu za ndani na unahitaji protini. Unaokatika bila kuvutika umekauka, au umeshapewa protini kupita kiasi mpaka ukawa mgumu, nao unahitaji unyevu. Ukimpa huyu cha yule, unazidisha ubovu. Wateja wengi hufika wakiwa wamejipaka protini kila wiki nyumbani kwa kusikia kwamba nywele ni protini, na nywele zao zimekuwa ngumu, zinavunjika kwa sauti. Fundi huwaondolea protini kwa muda, akawapa maji na mafuta tu, na nywele hulainika.

Kuosha nako kuna maarifa yake. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na maji ya madini mengi huacha kalsiamu na magnesi juu ya unywele. Unywele uliopitia blichi huyashika madini hayo kuliko unywele mzima, kwa sababu mahali palipovunjika panabaki na chaji hasi na madini yana chaji chanya. Juu ya utando huo wa madini hakuna kondishna inayofika vizuri. Kwa hiyo anti huanza na shampuu ya kutoa madini, mara moja tu, halafu hafanyi hivyo tena kwa wiki kadhaa. Baada yake hutumia shampuu laini, kidogo, kwenye ngozi ya kichwa, na kuliacha povu lishuke lenyewe kwenye nywele. Mikono hutembea kutoka juu kwenda chini. Haisugui duara na haizikusanyi nywele utosini, kwa sababu huko ni kuyasukuma magamba kinyume. Maji ya mwisho huyachota kwenye pipa la maji ya mvua alilolikinga chini ya bati la saluni, na tofauti yake huisikia mkononi mara moja.

Ndipo ije stimingi yenyewe. Kondishna hufanya kazi kwa sababu ileile ya chaji: ndani yake mna chembe zenye chaji chanya, nazo hukimbilia mahali palipoharibika zaidi, zikalala hapo na kuyalaza magamba. Nyingi ni za asidi kidogo, na hilo husaidia, kwa kuwa blichi na dawa ya kunyoosha ni alkali na unywele hutulia katika asidi. Protini ya kutibu nywele huwa imekatwakatwa kiwandani mpaka vipande vikawa vidogo vya kutosha kuingia kwenye nyufa. Hii ndiyo sababu yai bichi, ambalo wengi wetu tulipakwa utotoni, haliwezi kufanya kazi hiyo: protini yake ni kubwa mno, hukaa juu na kuoshwa na maji. Anti hamcheki mtu anayepaka yai au parachichi. Humwambia parachichi ale, kichwani apake nazi.

Na kuhusu nazi, watu wa pwani walikuwa sahihi muda mrefu kabla maabara haijawathibitishia. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, wakaona kwamba ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini, kwenye nywele nzima na hata zilizopitia blichi, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu iko kwenye asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na iliyonyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Anti huyapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kidogo, kuanzia katikati ya nywele kwenda kwenye ncha. Unywele ulioingiwa na mafuta kabla ya kulowa hunywa maji kidogo, huvimba kidogo, na huchakaa kidogo.

Zipo pia dawa mpya. Mwaka 2014 ilianza kuuzwa Marekani Olaplex, iliyotokana na kazi ya wanakemia Eric Pressly na Craig Hawker, na kemikali yake ilibuniwa ili ishikane na pale viungo vya salfa vilipokatika. Baada yake zimefuata nyingine nyingi zenye lengo kama hilo. Anti anazitumia kwa mteja anayezimudu na anazisifu kwa kipimo. Hajawahi kumwambia mtu kwamba zitamrudishia nywele alizokuwa nazo.

Mteja akiwa amevaa kofia ya plastiki chini ya mashine ya mvuke, joto likiwa la wastani, fundi hatoki kwenda kuzungumza. Kila baada ya dakika chache hunyanyua pembe ya kofia, akachukua kishungi kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akakiteremkia mpaka mwisho. Anasikiliza kwa vidole. Muda ulioandikwa kwenye kopo aliusoma zamani. Sasa anaamini mkono. Eneo la mbele la yule binti aliliosha mapema kuliko kisogo, kwa kuwa liliposhiba halikuhitaji zaidi.

Nenda ukaangalie saluni yoyote wakati wa kuchana, na utajua fundi ni yupi. Nywele zilizolowa ndizo dhaifu kuliko zote, na zilizopitia blichi ni dhaifu maradufu. Anti aligawa kichwa mafungu manane kwa vibanio, akafungua fungu moja tu. Alilishika katikati kwa mkono wa kushoto, akalibana kwa nguvu kiasi kwamba mvuto wowote ungeishia kwenye ngumi yake na usifike kwenye mzizi. Kwa mkono wa kulia akaanza na vidole, bila chanuo. Alikuta fundo sentimita chache kutoka mwisho. Hakulivuta. Aliongeza kondishna tone moja, akalifinya, kisha akatoa unywele mmoja mmoja kutoka pembeni mwa fundo, kama mara sita au saba, mpaka fundo lenyewe likaachia. Hapo ndipo chanuo la meno mapana lilipoingia, kwenye ncha kwanza, likapanda kidogo, likarudi kwenye ncha, likapanda tena. Lilipofika juu kabisa halikuwa na kitu cha kupigana nacho. Fungu likasokotwa, likabanwa, na la pili likafunguliwa. Binti, aliyezoea kushika kiti kwa mikono miwili akichanwa, alikuwa amesinzia.

Nilizitazama nywele zilizobaki kwenye chanuo. Zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa na kile kichwa cheupe cha mzizi mwishoni, yaani zilikuwa zimemaliza muda wake na kudondoka zenyewe. Zilizokatika katikati hazikujaza hata kiganja. Kazi yote ya asubuhi ile ilipimika hapo, na hakuna mteja anayeweza kuipiga picha.

Kukausha kulifanywa bila pasi na bila hendi draya ya moto mkali. Taulo halikusugua, lilibanwa juu ya nywele na kuachiwa linyonye. Kisha anti akatoa uzi mweusi, akazisuka nywele za uzi, ule usukaji wa bibi zetu. Uzi huzungushwa kuanzia shinani hadi nchani na kuzinyoosha nywele bila moto wowote, na ncha, ambayo ndiyo sehemu kongwe na iliyochoka zaidi, hukaa imefunikwa. Ufundi huo wa kale unayafaa maradhi haya mapya kuliko vifaa vingi vyenye waya. Lakini shinani hakuukaza. Alipitisha kidole chini ya uzi kila msuko ulipokwisha, kuhakikisha ngozi haijavutwa, kwa maana nywele za mbele zilizodhoofika zikikazwa hung'oka moja kwa moja, na huko hazirudi kirahisi.

Maagizo ya nyumbani yalikuwa mafupi. Satini kichwani usiku, na kwa anayejifunga mtandio au kanga mchana, satini iwe chini yake, kwa sababu pamba hunyonya mafuta na kuzikwaruza nywele. Kichwa kifunikwe juani, kwa kuwa mionzi ya jua nayo hula protini na kuichujua rangi. Akienda kuogelea baharini au bwawani, azilowanishe kwanza kwa maji baridi ya bomba na kupaka mafuta, nywele zikishiba ndipo aingie. Na arudi baada ya wiki mbili.

Nao mkasi ulipita kabla ya uzi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa unywele hauzibiki. Ncha iliyopasuka huendelea kupasuka kuelekea juu, na dawa inayodai kuiunganisha inaibandika tu mpaka utakapoosha tena. Dawa yake ni kuikata. Hata hivyo anti hakumkata binti nywele zote za dhahabu siku ile, ingawa ingekuwa rahisi na ya haraka. Alipunguza ncha kidogo, mahali zilipokuwa zimekonda kabisa, akapunguza nyuma kiasi cha kuzikaribisha na mbele. Atapunguza tena kila baada ya wiki kadhaa, kwa kadiri mpya zinavyoota, mpaka siku moja za dhahabu ziwe zimekwisha bila mteja kuwahi kukaa na kichwa asichokitaka. Hesabu hiyo ya miezi anaiweka kichwani mwake kwa kila mteja, na huikumbuka.

Kuna sehemu moja ya kazi yake ambayo humpunguzia kipato waziwazi. Binti alipoona nywele zimeanza kung'aa aliomba arudishiwe rangi shinani, maana weusi ulikuwa umeanza kuchomoza. Saluni za jirani zingemfanyia siku hiyohiyo. Anti alikataa. "Hizo nyeusi ndizo nywele zako, mwanangu. Ukizichoma na hizo, mimi sitakuwa na pa kushika." Akamwonyesha jinsi ya kuusuka mpaka wa rangi mbili usionekane sana, na binti akakubali, kwa shingo upande kidogo.

Vyuo vyetu vya ufundi stadi hufundisha ususi, na wahitimu hutoka wakijua kusuka, kuweka dawa na kupaka rangi. Ningependa mtihani wa mwisho uwe na kichwa kimoja kilichoungua: mwanafunzi aulize historia yake, auvute unywele mmoja uliolowa na aseme unahitaji nini, achane fungu moja mpaka mwisho, na mtahini ahesabu nywele zilizokatika kwenye chanuo. Atakayefaulu hapo nitampelekea kichwa changu bila wasiwasi, hata siku nitakayotaka rangi.